Mti Ulisikilizwa, Mukuru Haikusikilizwa: Nani Anachora Barabara za Nairobi?

Mnamo Novemba 2020, mti mmoja wa mugumo ulioko kando ya barabara ya Waiyaki, mtaani Westlands, ulipata jambo ambalo wakazi wengi wa Nairobi hawajalipata kamwe: ulisikilizwa. Mti huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa karne moja, ulikuwa umepangiwa kung'olewa na kuhamishwa ili kupisha ujenzi wa barabara ya juu tunayoiita Nairobi Expressway. Wanamazingira walipaza sauti, picha zake zikaenea mitandaoni, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri kwamba mti usiguswe. Wahandisi wakarudi kwenye michoro yao. Barabara ikapita, na mugumo ungali umesimama.

Takriban mwaka mmoja baadaye, kati ya Oktoba na Novemba 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda unaopakana na eneo la viwanda. Yalikuja kufungua njia ya barabara ambayo ingeliunganisha eneo hilo na Expressway hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza makazi. Familia zilitandaza maturubai juu ya vifusi vya nyumba zao. Amri iliyouokoa mugumo haikuyatangulia matingatinga haya, wala hakuna mhandisi aliyeagizwa kurudi kwenye mchoro wake kabla ya ukuta wa kwanza kuanguka.

Sisemi kwamba mti haukustahili kuokolewa. Ulistahili, na waliouteta wanastahili shukrani zetu. Ninachosema ni kwamba matukio haya mawili, ya mradi mmoja na jiji moja, yanatufundisha jambo ambalo wapangaji wetu hupenda kulificha nyuma ya lugha ya kitaalamu. Mchoro wa barabara si amri ya maumbile. Ukitakiwa kupinda, hupinda. Swali la kisiasa katika kila barabara kuu inayopenya kitovu cha jiji ni hili: unapinda kwa ajili ya nani, na unanyooka juu ya nani?

Tuanze na mambo ya hakika. Expressway ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi makutano ya James Gichuru, Westlands. Inapita kando ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, inafuata barabara ya Mombasa, inapaa juu ya Uhuru Highway, yaani ukingoni kabisa mwa kitovu cha jiji, kisha inaelekea Museum Hill na Westlands. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa gharama inayotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 88, chini ya mpango wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Magari yalianza kuitumia kwa majaribio mwezi Mei 2022, na mwishoni mwa Julai mwaka huo ikazinduliwa rasmi. Kampuni ya Moja Expressway itatoza ada kwa miaka takriban 27 kabla ya barabara kurejea mikononi mwa serikali. Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 20 ilipofunguliwa atakuwa anakaribia miaka 50 siku hiyo itakapofika.

Watetezi wa mradi wana hoja, na haki inatudai tuzisikilize kabla ya kuzijibu. Wanasema kwamba safari ya uwanja wa ndege, ambayo jioni yenye msongamano ingeweza kummaliza mtu saa mbili, sasa huchukua kama dakika ishirini. Ni kweli. Wanasema kwamba gharama ya ujenzi ilibebwa na mwekezaji, si na bajeti ya elimu au afya. Kwa kiasi kikubwa, nalo ni kweli. Wanasema kwamba anayetumia ndiye anayelipa, na asiyetaka kulipa ana barabara ya chini. Hii ya tatu ndiyo hoja inayorudiwa zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu inachukulia kwamba barabara ya chini ilibaki kama ilivyokuwa na kwamba waliobaki huko walipewa haki yao.

Je, waliobaki chini ni akina nani? Tafiti za usafiri wa Nairobi zimetuonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban safari nne kati ya kumi za jiji hili hufanywa kwa miguu, na sehemu nyingine inayokaribiana na hiyo hufanywa kwa matatu. Wenye magari ya binafsi ni wachache. Sasa zingatia: atembeaye kwa miguu haruhusiwi kukanyaga Expressway. Bodaboda hairuhusiwi. Tuktuk hairuhusiwi. Matatu inaweza kulipa na kupanda, lakini huko juu hakuna kituo cha kupakia wala kushusha abiria, na matatu isiyoshusha abiria njiani haina biashara. Hivyo basi, mradi mkubwa kuliko yote uliopata kujengwa katikati ya jiji letu katika kizazi hiki ulibuniwa kwa ajili ya aina ya safari ambayo wengi wetu hatuifanyi.

Ada nayo inatuambia jambo. Mnamo Januari 2024, gari dogo linalotoka Mlolongo hadi Westlands lilipandishiwa ada kutoka shilingi 360 hadi 500, serikali ikieleza kwamba thamani ya shilingi ilikuwa imeshuka dhidi ya sarafu za kigeni. Mwalimu, muuguzi au karani anayefanya safari hiyo kwenda na kurudi angelipa shilingi elfu moja kwa siku, kabla hajanunua petroli. Barabara ikisimama juu ya ardhi ya umma huku bei yake ikifuata sarafu za nje, swali la nani aipandaye na nani asiyeipanda hujibiwa na soko la fedha, si na sera ya usafiri.

Msomaji aweza kuuliza: hata kama wachache ndio wanaopanda juu, je, hawawapunguzii msongamano walio chini? Hapa hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka 1962 mwanauchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliandika kwamba katika saa za msongamano, barabara mpya ya mjini hujaa magari mapya mpaka kasi inarudi pale ilipokuwa. Sababu yake si fumbo. Barabara ikipanuka, aliyekuwa akisafiri alfajiri kukwepa foleni huahirisha safari yake, aliyekuwa akipanda basi hununua gari, na mjenzi wa nyumba huenda kujenga mbali zaidi akijua barabara ipo. Utafiti mwingi uliofuata umeunga mkono kauli hiyo. Na sisi tuna ushahidi wa nyumbani: barabara ya Thika, kilomita zipatazo 50, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012 kwa shangwe. Miaka michache ilitosha. Leo nani anayepita Roysambu au Githurai saa kumi na mbili jioni anaweza kusema kwamba foleni ilikwisha?

Kuna jambo jingine ambalo ni mahsusi kwa kitovu cha jiji. Barabara ya kasi haiwezi kuyamaliza magari. Huyasafirisha tu hadi mahali pengine. Magari yanayoshuka Haile Selassie au Museum Hill hukutana na mizunguko na mitaa ile ile iliyokuwepo, yenye upana ule ule. Dakika zilizookolewa Mlolongo hulipwa mlangoni mwa jiji. Na kadiri magari yanavyozidi kuletwa mlangoni, ndivyo inavyodaiwa nafasi zaidi ya kuegesha, taa zaidi za kuyapa kipaumbele, na vijia vyembamba zaidi kwa wanaotembea. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Walisema hivyo kama tahadhari kwa mnyonge, hawakukusudia iwe kanuni ya kupanga miji.

Turudi kwenye swali la nani anayechora. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu mwanzo ilipangwa kwa kutenganisha watu: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Wahindi karibu na soko, Waafrika mashariki, karibu na viwanda na maji machafu. Mpango mkuu wa mwaka 1948 uliitazama Nairobi kama makao makuu ya koloni. Ukiiweka ramani ya ubaguzi huo wa zamani kando ya ramani ya Expressway, utaona kwamba barabara hii inaunganisha uwanja wa ndege na mitaa ya magharibi, huku ikizipita pembeni Mukuru, Pipeline na Imara Daima, waishiko maelfu ya wafanyakazi wanaotembea kila alfajiri kwenda viwandani. Sidai kwamba aliyeichora alikusudia hivyo. Nadai kwamba mchoro usiohojiwa hurithi tabia ya mchoro uliotangulia.

Katiba ya mwaka 2010 iliandikwa ili tuhoji. Ibara ya 10 inaitaja ushirikishwaji wa umma miongoni mwa maadili ya kitaifa. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya mipango na usafiri wa umma ndani ya mipaka yake, huku barabara kuu za kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Lakini mwaka 2020, wakati ujenzi ulipokuwa unaanza, majukumu ya mipango na usafiri ya Kaunti ya Nairobi yalikuwa yamekwisha kuhamishiwa serikali kuu na kuwekwa chini ya NMS, taasisi iliyoongozwa na afisa wa jeshi. Chombo ambacho kingeuliza maswali kwa niaba ya wakazi kilikuwa kimenyang'anywa kalamu.

Pamoja na hayo, umma uliposema kwa sauti iliyosikika, mradi ulijibu. Mwaka 2019 ilipojulikana kwamba barabara ingemega kipande cha bustani ya Uhuru Park, ghadhabu ilikuwa kubwa hata serikali ikarudi nyuma. Bustani hiyo ndiyo ile ambayo Wangari Maathai aliitetea mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa na chama tawala. Bustani iliokoka mara mbili, na mugumo ukaokoka. Vyote viwili viko mahali ambapo mwandishi wa habari, wakili na balozi hupita kila siku. Mukuru iko mahali ambapo hawapiti. Tofauti ya kusikilizwa na kutosikilizwa haikuwa katika uzito wa hoja, maana hakuna hoja nzito kuliko ya mtoto asiye na paa. Ilikuwa katika umbali wa mlalamikaji kutoka kwenye meza ya mchoraji.

Sisi si wa kwanza kupita njia hii, na waliotutangulia wametuachia mafunzo. Mjini San Francisco, Marekani, baraza la jiji lilizikataa mwaka 1959 barabara kuu saba kati ya kumi zilizokuwa zimepangwa, baada ya wakazi kuandamana na kutia saini. Moja iliyokuwa imekwisha kuanza, ya Embarcadero, ilibaki juu ya nguzo ikilitenga jiji na bahari yake. Mwaka 1986 wapiga kura walikataa kuibomoa, wakihofia msongamano. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi likaiharibu, ubomoaji ukaanza mwaka 1991, na leo mahali pake pana barabara pana ya kawaida, reli ya tramu na watu wanaotembea ufukweni. Maafa yaliyohofiwa hayakutokea.

Seoul, Korea Kusini, haikungoja tetemeko. Kati ya mwaka 2003 na 2005, chini ya meya Lee Myung-bak, jiji hilo lilibomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon, iliyokuwa ikibeba magari zaidi ya 160,000 kwa siku, na kuufufua mto uliokuwa umefunikwa na saruji chini yake. Usafiri haukukwama, kwa sababu ubomoaji ulikwenda pamoja na kuupanga upya mfumo wa mabasi. Tusiifanye hadithi hii kuwa tamu kupita kiasi, kwa maana wachuuzi na wenye karakana ndogo waliokuwa kando ya barabara hiyo walihamishwa, na wengi walipoteza biashara. Hata barabara inapobomolewa, swali la Mukuru hubaki palepale.

Na hapa jirani tuna Dar es Salaam. Mwezi Mei 2016 wenzetu walianza mabasi ya mwendokasi kwenye njia ya awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9, na mwaka 2018 jiji hilo likawa la kwanza Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Wakazi wake watakuambia, na wana haki, kwamba mabasi ni machache, foleni za abiria ni ndefu na Jangwani hufurika. Lakini zitazame kasoro hizo zilivyo. Ni kasoro za uendeshaji, zinazoweza kurekebishwa kwa kununua mabasi na kusimamia kampuni. Nafasi iliyo bora kuliko zote barabarani, ile ya katikati, ilikwisha kutengwa kwa ajili ya abiria wa kawaida. Sisi nafasi hiyo ya katikati tumeiwekea nguzo za Expressway. Tuliahidiwa kwamba barabara ya chini ingetengewa njia ya mabasi ya kasi, mstari uliopewa jina la Ndovu. Hadi ninapoandika makala haya, basi la kwanza la mstari huo halijabeba abiria.

Kubomoa Expressway si jambo ninalolipendekeza. Mkataba upo, deni lipo, na jiji maskini halibomoi saruji ya juzi. Lakini ipo miradi mingine ya barabara za kulipia, kutoka Rironi hadi Mau Summit na kutoka Nairobi hadi Mombasa, na pendekezo la barabara nyingine ya juu halitakosa kuja. Kwa hiyo yapo mambo manne tunayopaswa kuyadai sasa, kabla mchoro mwingine haujakauka.

Kwanza, mkataba wa Expressway na viambatisho vyake vyote uwekwe mahali ambapo raia yeyote anaweza kuusoma bila kumwomba mtu. Tunapaswa kujua serikali imemhakikishia nini mwekezaji, na ada hupanda kwa kanuni gani. Raia hawezi kushirikishwa katika jambo alilofichwa.

Pili, barabara ya chini ipewe haki yake. Njia ya mabasi itengwe kuanzia Mlolongo hadi Westlands, vijia vya miguu vijengwe vyenye kivuli na taa, na vivukio viwe pale watu wanapovuka kweli, si pale ilipokuwa rahisi kusimamisha daraja. Watembea kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi kwenye barabara za Kenya. Kila kivukio kinachokosekana kina idadi yake ya makaburi.

Tatu, mradi wowote unaogusa kitovu cha jiji upitie kwenye Bunge la Kaunti na kwenye mpango mkuu wa jiji. Tunao mpango wa mwaka 2014, ulioandaliwa kwa msaada wa Japani na unaofikia mwaka 2030. Kama mradi haumo ndani yake, serikali itueleze hadharani kwa nini mpango unawekwa kando, badala ya kuutendea kama pambo la maktaba.

Nne, asihamishwe mtu yeyote kabla ya kujulikana anakwenda wapi. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi, hata pale wanapodaiwa kuikalia kinyume cha sheria. Serikali isiyoitii sheria hiyo haina uso wa kumshitaki mchuuzi kwa kuuza njugu kando ya barabara.

Kwa wanafunzi wangu wa mipango miji na uhandisi: mtakapokabidhiwa ramani, msiianze kazi mpaka mmetembea kwa miguu njia yote mtakayoichora, asubuhi na jioni. Kwa wanaharakati: nguvu mliyoipeleka kwenye mugumo ilikuwa ya haki, ipelekeni na mahali ambapo hapana kamera. Kwa watumishi wa umma, hasa nyinyi mnaoidhinisha ripoti za athari kwa mazingira, ni sahihi zenu zinazogeuza mstari wa kalamu kuwa tingatinga. Mnajua, kwa sababu mlikuwepo, kwamba njia ya barabara ilipindwa mara moja kwa ajili ya mti. Mara nyingine mkiletewa mchoro unaopita juu ya nyumba za watu na kuambiwa kwamba hauwezi kubadilishwa, mtakuwa na mfano wa kuuonyesha.